Fisi na Mtungi wa Bwana Harusi

Sogeeni huku, na anayetafuna atafune kimya. Maharage yangu yako jikoni na hayana haraka, kwa hiyo nina muda wa kuwaambia habari za mwaka ule jua lilipolikasirikia bonde la Matone. Ila mkinikatiza naenda kufua nguo zangu, shauri yenu.

Mwaka huo mvua ilisahau njia kabisa. Mto ulikauka. Dimbwi la Kiboko likawa uwanja wa vumbi, na Kiboko mwenyewe akahama na familia yake bila kumuaga mtu. Kikabaki kitu kimoja tu: mwamba uliokuwa ukidondosha maji, tone, tone, tone, usiku na mchana. Chini yake alikaa Bi Tembo, mama mtu mzima, mwenye masikio mapana na roho iliyotulia, naye ndiye aliyegawa maji.

Utaratibu wake ulikuwa hivi. Kila mnyama anapata kata moja kwa siku. Kata ikiwekwa chini ya tone, mwenye zamu anasimama mbele ya wenzake na kutaja jambo moja dogo la jana analolishukuru. Sharti liwe la kweli, na liwe lake.

"Na kwa nini tuongee?" Twiga aliuliza siku ya kwanza.

"Kwa sababu kata inachukua muda kujaa," akajibu Bi Tembo, "na mkikaa kimya mnaanza kusukumana."

Basi ndiyo hivyo, hakukuwa na siri nyingine. Lakini jamani, wanyama waliipenda zamu ile! Ngiri alisimama akasema, "Nashukuru jana nimepata tope, si jingi, lilinitosha kisigino kimoja, lakini lilikuwa baridi!" Twiga akasema, "Nashukuru nimeamka shingo haiumi, na nyie hamjui shingo yangu ikiamua kuuma inaumia wapi na wapi." Kanga, yule ndege wa madoadoa asiyejua kunyamaza, akasema, "Nashukuru jana mvua haikuniloanisha manyoya!" Wote wakamgeukia. "Oh! Nisameheni! Nisameheni, ulimi umeteleza!" Wakacheka mpaka Bi Tembo akamwaga kata, na hakuna aliyenung'unika.

Aliyekuwa hachangamki ni Fisi. Fisi mnamjua, tumbo lake halina mlango wa kufunga. Zamu yake ikifika alikuwa anakuna sikio. "Mimi sina cha kushukuru," anasema. Bi Tembo anamwambia, "Tafuta, baba, tafuta, kata bado haijajaa." Anatafuta, anatafuta, mwisho anasema, "Basi na mimi tope." Tope lenyewe hajaliona kwa macho! Bi Tembo anatikisa kichwa na kumpa maji hivyo hivyo, kwa huruma tu.

Siku moja Simba akapita pale. Simba wa Matone alikuwa na majivuno ya kutosha wafalme wanne. Hata kucheka mbele za watu alikuwa hacheki, eti kicheko kinaharibu mpangilio wa ndevu. Alikuwa akiletewa maji yake nyumbani, kwa hiyo hajawahi kusikia shukrani za mwambani. Siku hiyo akamsikia Ngiri.

"Tope?" akanguruma. "Katika nchi yangu mimi, raia anasimama hadharani kushukuru tope? Wageni wakisikia watasemaje?"

"Wageni gani, mtukufu?" akauliza Ngiri.

"Wageni wowote!"

Hapo hapo akatoa amri. Kuanzia kesho, atakayetoa shukrani kubwa inayolingana na heshima ya mfalme, atapewa mtungi mzima. Atakayeleta mambo ya tope na shingo, atapewa kifuniko cha kibuyu. Na yeye mwenyewe atakaa pale kila asubuhi kuamua ipi kubwa, ipi ndogo.

"Mtukufu," akasema Bi Tembo, "mtungi unajaa kwa nusu siku. Wengine watakunywa nini?"

"Watasubiri," akasema Simba, "na wakisubiri watafikiria makubwa."

Kesho yake nani alikuwa wa kwanza kwenye foleni? Fisi! Tena kachana nywele!

"Nashukuru," akasema kwa sauti ya kuhutubia, "jana nimeokota mbuzi mzima, mnono, na ndevu zake."

"Mtungi!" akaamuru Simba.

Siku ya pili Fisi akaona mbuzi hatoshi. "Nashukuru jana ng'ombe alikuja mwenyewe mlangoni kwangu. Akasalimia. Akalala chini, akafumba macho, akasema, bwana Fisi, karibu."

"Mnaona?" Simba akainua kidevu. "Mnaona nchi yangu ilivyo? Ng'ombe wanajipeleka wenyewe! Mtungi!"

Sasa, nyuma kidogo kwenye foleni alikuwepo Sungura. Sungura huyu alikuwa mjanja wa kupindukia, lakini siku hizo ujanja ulikuwa umemkaa kooni, maana mkewe, Mama Saba, alikuwa amejifungua juzijuzi. Jina limeshawaambia ni watoto wangapi. Na mama anayenyonyesha saba anahitaji maji, mnaelewa nyie mliozaa, na mlionyonya pia mnaelewa.

Zamu yake ikafika. "Nashukuru," akasema, "jana mwanangu wa mwisho amefumbua macho."

Simba akapiga mwayo. "Kila mtu ana macho. Kifuniko."

Sungura akapokea kifuniko. Maji yenyewe ukiyatazama kwa hasira yanakauka. Akajikaza akasema, "Mtukufu, huyu Fisi anadanganya. Leo alfajiri nimemkuta nyuma ya kichaka anatafuna soli ya kiatu kikuukuu, tena kwa raha, anaguguna na kufumba macho. Mwenye ng'ombe anatafuna soli?"

"Ilikuwa ya kusafishia meno!" akasema Fisi.

"Wivu huo," akasema Simba. "Anayefuata!"

Sungura akaenda nyumbani na kifuniko chake, anatembea kwa vidole asimwage. Alimkuta mkewe amekaa na watoto, sita wamelala na mmoja analia.

"Maziwa yanakatika, Baba Saba," mkewe akamwambia. "Huyu ananyonya, analia, ananyonya, analia. Nashukuru Mungu bado ana nguvu za kulia. Kesho kutwa sijui."

Sungura akakitua kifuniko mbele yake. Aliogopa. Aliogopa kabisa, akakaa chini. Mara mlangoni ikasikika hodi. Alikuwa Kanga, kabeba kifuniko chake cha maji.

"Mimi ni ndege, nakunywa kidogo," akasema. "Chukueni nusu. Basi, chukueni chote, mnanitazamia nini?"

Kanga alipoondoka, Sungura akakaa akitazama mlango ule kwa muda mrefu. Halafu masikio yake yakasimama, moja baada ya jingine.

"Mke wangu," akasema, "mtu akipata jambo kubwa hapa Matone, desturi yetu ni nini?"

"Majirani tunakwenda kumpongeza, tunakula naye. Lakini tangu jua hili lituwakie, nani amepata jambo kubwa?"

"Fisi amepata," akasema Sungura, akaanza kucheka peke yake.

Jumatano asubuhi Fisi akawa wa kwanza tena. "Nashukuru jana ng'ombe…"

"Tena?" Simba akakunja uso. "Jana ng'ombe, leo ng'ombe. Nchi yangu haina kingine?"

Fisi jasho likamtoka. Akautazama mtungi. Mtungi nao ulikuwa mpana pale mbele yake, mweusi, mzuri, una shingo ya kushika. Akili ikamruka. "Nashukuru," akasema, "jana nimechumbia! Naoa! Binti wa ukoo wa fisi wa ng'ambo ya mlima, mzuri ajabu, ana mifupa ya akiba ya miaka mitatu!"

Kabla Simba hajafungua mdomo, Sungura akaruka juu. "Hongera! Hongera, bwana Fisi! Kanga, unangoja nini?"

Kanga hakungoja kitu. Alipiga vigelegele hadi mwamba ukadondosha matone mawili kwa mpigo.

"Harusi lini?" akauliza Sungura.

"Ah, mbele mbele huko. Mwakani."

"Vizuri! Mtukufu, kwa kuwa harusi ni ya mwakani, nadhani na mtungi wake apewe mwakani."

"Ni haki," akasema Simba. "Leo mpeni kifuniko."

"Ijumaa!" akapiga kelele Fisi. "Nimesema Ijumaa! Ijumaa hii hii saa sita!"

"Ijumaa," akasema Sungura. "Na nchi nzima imealikwa, kama desturi yetu ilivyo. Sasa mgeni rasmi ndiyo sijui tumtafute wapi, awe mtu mwenye umbo, mwenye sauti, mwenye ndevu…"

"Ehem," akasema Simba, huku analamba ukucha. "Nitajitahidi nipate nafasi. Na bwana harusi apewe mtungi kila siku mpaka Ijumaa."

Mchana huo huo kamati ya harusi ikakutana kwenye kivuli cha Twiga, chembamba kweli, wakakaa mstari mmoja. Ngiri akawa mwenyekiti kwa kuwa ndiye aliyekaa mbele. Kanga akapewa kazi ya vigelegele na sare. Sare akachagua madoadoa, maana ndiyo nguo aliyokuwa nayo. Mwishoni Kobe akainuka akasema, "Mimi natangulia," na akaanza safari ya harusini kuanzia dakika ile.

Fisi naye alikuwa anapiga hesabu zake pangoni. "Nitakunywa mtungi wa leo. Nitakunywa wa Alhamisi. Halafu nahama zangu, wakija na sahani zao wale vumbi." Mpango mzuri, msinibishie. Lakini Alhamisi jioni akiwa amefunga furushi lake, akaukumbuka mtungi wa Ijumaa. Ungekuwa umejaa kabla ya saa sita. Angeuacha ule mtungi na nani? Na kwa moyo gani? "Nakunywa wa Ijumaa kwanza," akasema, "ndipo nakimbia."

Akanywa. Ijumaa saa tano na kitu aliugugumia mtungi wote mbele ya pango, hakupumua mpaka ukabaki unalia mtupu. Akajifuta mdomo. Akapiga hatua ya kwanza, tumbo likasema chubwi. Ya pili, chubwi. Akajaribu kukimbia, akaanguka, akaviringika kama debe. Na kule bondeni ngoma zikaanza kulia.

Jamani, msafara ule! Mbele Kanga na vigelegele, nyuma yake Ngiri na rungu la uenyekiti, pundamilia wamejipanga, Twiga anaongoza njia kwa kuwa anaona mbali. Sungura na Mama Saba wamebeba watoto, wawili wawili na watatu mgongoni. Bi Tembo alikuwa anapepea masikio, na Simba amejibanza ubavuni mwake kwenye upepo ule, anajifanya ni kwa bahati tu. Kila mtu kaja na sahani yake na njaa yake. Nao wanaimba:

"Bwana harusi, toka nje, tuone suti yako,
Bwana harusi, funua sufuria, tuone moyo wako!"

Fisi akakurupuka kuingia pangoni, akatupa macho kwenye tundu la nyuma. Kichwa kikapita. Mabega yakapita. Tumbo, wapi! Akanasa katikati, kichwa nje, mkia ndani.

"Hodi!" wakapiga mbele. "Hodi hodi!"

Wakazunguka nyuma. Wakakuta kichwa cha Fisi kimechomoza ardhini, kinatabasamu.

"Karibuni," kikasema.

"Bibi harusi yuko wapi?" akauliza Simba.

"Yuko njiani."

"Ng'ombe?"

"Alikuja mwenyewe, mtukufu. Na ameondoka mwenyewe."

"Mbuzi mwenye ndevu?"

Fisi akafumba macho. "Mtukufu, ilikuwa soli ya kiatu. Zote zilikuwa soli ya kiatu."

Simba akavimba. Mnamwona? Mgeni rasmi, ametembea juani saa nzima, sahani mkononi, hakuna hata harufu ya kitunguu! Akainua kiganja, kucha zote nje, juu ya kichwa kile. Watoto wa Mama Saba wakajificha masikioni mwa mama yao.

"Mtukufu," akasema Sungura taratibu. "Wageni wakisikia watasemaje? Kwamba mgeni rasmi alimla bwana harusi?"

Kiganja kikabaki hewani. Bi Tembo akasogea mbele.

"Utaratibu wangu wa kwanza ulikuwa rahisi," akasema. "Jambo moja, la kweli, na lake. Aseme moja sasa hivi. Akilikosa, mfalme afanye atakavyo."

Wote wakamtazama Fisi. Na Fisi, kwa mara ya kwanza maishani, akatafuta kweli. Unaona kabisa anatafuta. Akaanza kusema tope, akaliacha. Akaanza kusema ng'ombe, kiganja kikashuka kidogo, akaliacha haraka. Akageuza macho huku na huku, akawaona wote walivyomzunguka, madoadoa, mistari, sahani, watoto, vumbi miguuni.

"Mmepiga hodi," akasema.

"Ehe?" akasema Bi Tembo.

"Tangu nichimbe pango hili hakuna aliyewahi kupiga hodi. Hata mara moja. Leo nimesikia hodi mlangoni kwangu. Nashukuru kwa hiyo hodi."

Hakuna aliyecheka. Na Fisi akaanza kulia. Basi mkumbuke, mtu huyu ana mtungi mzima tumboni! Alilia machozi yakatiririka. Alilia yakafika miguuni kwa Ngiri, na Ngiri akapiga kelele, "Tope! Tope, jamani, miguu yote minne!" Alilia na tumbo likapungua, likapungua, mpaka akachomoka kwenye tundu, plop! akatua kwenye sahani ya mfalme.

Simba akamtazama Fisi aliyekaa kwenye sahani. Fisi akamtazama Simba. Ndevu za Simba zikatetemeka upande mmoja. Akajizuia. Zikatetemeka upande wa pili. Halafu kikamtoka kicheko ambacho Matone haikuwahi kukisikia, kicheko cha kugaragara chini, ndevu zimejaa vumbi, mpangilio wote kwisha!

Alipopata pumzi akakaa. "Nashukuru," akasema, "leo nimecheka. Na masikio ya Bi Tembo yalinipepea njia nzima, na sikusema ahsante." Akakohoa. "Hilo ni dogo au kubwa?"

"La kweli, na lako," akasema Bi Tembo. "Linatosha kata moja."

Amri ikafutwa pale pale. Kata ya kwanza iliyojaa mchana ule alipewa Mama Saba, na ya pili pia, maana Kanga aliitoa zamu yake huku akisema yeye ni ndege. Jioni mtoto wa mwisho alinyonya akashiba, akacheua, akalala mdomo wazi. Sungura alikaa akimsikiliza anavyokoroma, na kwa furaha hakuthubutu hata kujikuna.

Na Fisi? Alipewa kazi ya kushika kata chini ya tone mpaka mvua irudi, na kunywa wa mwisho. Wiki ya kwanza alinuna. Akashika kata na kusikiliza: shingo ya huyu, usingizi wa yule, upepo wa asubuhi, jino lililoacha kuuma. Wiki ya pili akawa anacheka nao. Wiki ya tatu ikafika zamu yake baada ya wenzake wote, giza linaingia, akasema bila kuulizwa, "Nashukuru ile soli ya kiatu. Kusema kweli ilikuwa tamu."

Hapo ndipo hadithi yangu ilipo, wanangu. Fisi alikuwa na soli yake tangu mwanzo, anaitafuna kwa raha na macho kafumba, lakini akaionea aibu, akaenda kutangaza ng'ombe wa watu. Ng'ombe hakuwepo, na soli nusura imponyoke.

Mnauliza Kobe? Kobe alifika harusini Jumapili. Akakuta pango tupu, sufuria hakuna, wageni wameondoka. Akageuza, akafika mwambani siku nyingine kabisa, vumbi mpaka kwenye kope. Fisi akamwekea kata chini ya tone.

"Haya, babu, la kwako ni lipi?"

Kobe akavuta pumzi, akafikiria. Tone likadondoka, jingine likadondoka, kata ikakaribia ukingoni.

"Nashukuru," akasema, "nimefika."

Haya, nasikia maharage yangu yanaita. Leteni sahani. Lakini kabla sijapakua, kila mmoja aniambie jambo moja dogo la jana, la kweli na lake. Na atakayeniletea habari za ng'ombe, atakula kwa kifuniko.